Mninga Ndani ya Karavani

Ukitaka kujua fundi ana ujinga kiasi gani, mpe mbao nzuri. Mbao mbaya humlazimisha mtu kufikiri, apime mara mbili, aulize wenzake. Mbao nzuri humlevya. Nawaambia haya ninyi vijana mnaoshika randa za umeme na kupiga picha kazi zenu kabla gundi haijakauka, kwa sababu mimi nililewa mninga kwa miaka zaidi ya kumi, na aliyenitoa ulevi ni mama mmoja aliyetaka kuishi ndani ya tela.

Jina langu ni Benno. Nimefanya useremala hapa Songea mpaka magoti yalipokataa. Karakana yangu ilikuwa Msamala, nguzo sita na mabati ya kuokoteza, na mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kazi kona kwa kona. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli niliwahi kutengeneza nyumba yenye magurudumu. Ni kweli. Sikuwa na hamu ya kuisimulia, maana ndani ya hadithi hiyo mimi si shujaa, lakini mmeniuliza wenyewe.

Nianze na Mzee Longino, bila yeye hamtaelewa kosa langu. Mzee Longino ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alifundishwa na mabruda wa misheni, wale waliotengeneza mabenchi ya kanisa kana kwamba tembo nao watakuja kusali. Kwake msumari ulikuwa aibu. "Msumari ni wa mtu mwenye haraka," alikuwa akisema, "na mwenye haraka aende akauze maandazi." Kiungo chake kilikuwa tundu na ulimi, na ulimi uingie kwa kugongwa, uking'ang'ania mpaka utoke jasho. Kazi ikiisha hakuikagua kwa macho. Alisogea, akakunja goti, akalisukuma kabati kwa goti. Likitikisika alisema, "Bado," akaenda zake kunywa chai. Likitulia aliitikia kwa kichwa, mara moja tu. Mimi nilikingoja kichwa kile kwa miaka mitatu, na siku kilipoinama sikula mchana kwa furaha.

Basi nikakua na imani hiyo, kwamba kazi nzuri ni kazi nzito. Kitanda kisichohitaji wanaume wanne kukibeba kwangu kilikuwa kitanda cha mgonjwa.

Mengine aliyonifundisha bado ni ya kweli, yachukueni. Mninga mbichi ukiugonga kwa kifundo cha kidole unajibu kama mtu aliyejaza ugali mdomoni, na ukikauka unajibu kwa sauti. Skrubu ikikataa kuingia, usiilazimishe, utaikata kichwa. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, kisha ipake sabuni ya kufulia. Randa isipokata vizuri usimlaumu aliyekuuzia, angalia kwanza kama umelala na kileo kichwani. Hayo ni ya Mzee Longino, na hakuna hata moja lililoniangusha.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua utamu na uchungu wake. Madukani vitu vikajaa. Skrubu tulizokuwa tukizipangia foleni zikaanza kuuzwa kwa boksi, plaiwudi ikaja, fomaika ikaja, magodoro ya sponji yakaning'inizwa nje ya maduka kama nyama. Na katika miaka hiyohiyo ofisi zikaanza kupunguza watu. Asubuhi mtu anaondoka na mkoba, mchana anarudi na barua. Nilikuwa natengeneza makabati ya maduka mapya, na papo hapo natengeneza mageti ya mbao ya watu waliorudi kufuga nguruwe.

Mmoja wa waliopewa barua alikuwa Mama Gaudensia, mpiga taipu katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika. Hakuwa ameolewa na hakuwa na mtoto, umama wake ulikuwa wa heshima. Barua za mji mzima zilikuwa zimepita chini ya vidole vyake. Alikuwa anaishi nyumba ya kazi, na nyumba ya kazi hufuata kazi, kwa hiyo alipewa siku ya kukabidhi ufunguo. Alikuwa na kiwanja Mshangano, ila juu yake palikuwa na msingi wa mawe tu na mahindi ya jirani.

Kaka yake mkubwa, Kasian, mkulima wa kahawa upande wa Mbinga, alishamwandalia chumba kijijini. Sitaki mumwone mbaya. Alikuwa mtu mzima mwenye huruma, na kwao dada asiye na mume hurudi kwa kaka, hakuna mjadala. Lakini Mama Gaudensia aliniambia mwenyewe, "Benno, kile chumba kimepakana na jiko. Nikiingia mle nitakuwa shangazi wa kuchambua maharage mpaka nife." Walikaa kikao cha ukoo. Akakubali mbele ya wazee kwamba ikifika Jumamosi ile ya kukabidhi ufunguo, na hana paa lake mwenyewe juu ya kiwanja chake, atapanda gari la Kasian arudi kijijini bila neno. Neno la mbele ya wazee huwa halirudishwi.

Alikuja karakana asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, sweta juu ya kitenge, na daftari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Benno, nimenunua karavani."

Nikamwambia mimi si makanika. Akasema anajua, niende nikaione.

Wazungu waliojenga barabara ya lami kuja kwetu walipoondoka waliacha yadi imejaa mabaki, na miongoni mwake zilikuwamo nyumba tatu za bati jeupe, kila moja na magurudumu yake mawili, walimokuwa wakilala mainjinia. Zikapigwa mnada. Moja ikawa duka la soda. Ya pili ilikatwakatwa ikawa masufuria. Ya tatu ndiyo hiyo. Ndani ilikuwa hatua saba kwa tatu, inanuka panya, na kwenye sinki kulikuwa na kuku ameatamia mayai, akatutazama kama sisi ndio tuliomkosea.

Mama Gaudensia akafungua daftari pale pale mlangoni. Jiko la gesi litoke, kwa sababu yeye hapiki anapolala, nguo zisinuke dagaa, jiko atajenga nje. Kile choo cha sanduku kitoke leo leo. "Wazungu wanakulaje huku mgongo umeegemea choo?" aliniuliza. Viti vilivyogandishwa ukutani navyo vitoke, maana anataka mgeni wake avute kiti akae anapopenda. Kitanda kiwe futi tatu. Dirisha la upande wa milima ya Matogoro lipanuliwe na chini yake iwe meza ya taipureta, kwa sababu ndiyo itakayomlisha. Ukutani rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe hakuitaka, alisema ni ya hospitali.

Niliitikia yote. Nikafanya nusu.

Trekta ililivuta bati lile mpaka kwangu Msamala, kwa sababu benchi na zana zangu ziko huko, na tukakubaliana kwamba likiisha litavutwa hadi Mshangano. Kumbukeni hilo, maana mimi nililisahau. Jiko na choo nilivitoa, dirisha nikalipanua, rangi nikapaka. Kuku nilimhamisha na mayai yake, akatotoa sita. Halafu nikageuka nikautazama mninga wangu.

Nilikuwa nao umepangwa darini, umekauka miaka miwili, naungojea kazi ya maana. Nikajiambia kazi ndiyo hii. Mama wa watu amefukuzwa kazini, amedharauliwa, nitamtengenezea kitu ambacho askofu akiingia atavua viatu. Nikaanza na sakafu, mbao za mninga juu ya sakafu ya zamani. Nikaja kwenye makabati mawili, kutoka chini hadi dari. Viti vya ukutani nilivitoa kweli, lakini nikaweka vingine vya ukutani, vya mninga. Na kitanda nikakiunda humohumo ndani, kwa tundu na ulimi, futi tano.

Alikuja mchana mmoja kukagua. Alisimama mbele ya kitanda akakipima kwa shibiri, taratibu, kama anapima kitambaa dukani.

"Benno, nilisema futi tatu."

"Mama, ya kesho huyajui. Mtu anaweza akapatikana."

Mafundi wenzangu wakacheka chini kwa chini. Yeye hakucheka. "Mwili huu nimelala nao miaka arobaini na saba," alisema, "najua unataka futi ngapi." Akafunga daftari akaondoka. Nami nilibaki nimekasirika, ndiyo, mimi ndiye niliyekasirika, kwa sababu nilimpa kitu kizuri akakosa kukishukuru. Kipendacho roho hula nyama mbichi, lakini pale nilikuwa nailisha roho yangu, siyo ya mwenye nyumba.

Mzee Longino wakati huo alishastaafu, alikuwa anapita karakana kuota jua. Nilimkaribisha ndani. Akasogea, akakunja goti, akalisukuma kabati. Likatulia. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona nimemaliza.

Siku mbili kabla ya safari nilimwita mtu wa matairi aje kujaza upepo. Akainama chini, akasema, "Fundi, springi zimelala kabisa." Nikamjibu kwamba hata mimi nikishiba nalala. Watu wakacheka sana. Utani ule nimeujutia kuliko maneno yote niliyowahi kuyasema karakana.

Jumamosi ikafika. Asubuhi Mama Gaudensia alikabidhi ufunguo wa nyumba ya kazi. Kasian alikuja na pikapu yake, wakapakia kila alichokuwa nacho: godoro, masanduku mawili, sufuria, viti viwili vya mbao, na taipureta iliyofungwa kwenye blanketi kama mtoto. Mpango ulikuwa pikapu ifuate karavani hadi Mshangano, ishushe mzigo, Kasian arudi zake. Karavani isipofika, pikapu ingeshika barabara ya Mbinga na mzigo wake, na mama juu yake.

"Saa kumi lazima niwe nimeondoka," Kasian aliniambia kwa upole, tukiwa tunafunga mnyororo. "Ukungu wa kule milimani siuwezi tena kwa macho haya."

Nikamwambia saa sita tutakuwa tumefika, wanywe na chai.

Dereva wa trekta aliitwa Nyoni, mtu wa maneno machache na jino moja la mbele. Akawasha, mnyororo ukakaza, karavani ikatoka nje ya uwanja wangu ikitikisika kama mama mjamzito. Watu wa Msamala walitoka kutazama. Mimi nilitembea mbele nimetoa kifua, Mzee Longino nyuma na fimbo yake, pikapu mwisho. Tulikwenda pole pole, tukavuka kidaraja cha kijito, tukaanza kupanda. Hapo ndipo niliposikia mlio. Ulikuwa mmoja tu, ta, kama mtu amevunja muwa kwa goti.

Karavani ililala upande wa kushoto. Bati likakaa juu ya tairi, tairi likaanza kunuka. Nyoni akazima injini, akashuka, akatazama chini, kisha akachungulia ndani.

"Fundi, umeweka nini humu?"

"Fanicha."

"Fanicha ya nani, ya serikali?"

Springi ya kushoto ilikuwa imevunjika vipande viwili, na ya kulia ilikuwa njiani. Saa ya Kasian ilisema saa tano na nusu. Nilizunguka karavani mara tatu, nikipapasa hapa na pale kama ninayejua ninachotafuta. Vijana, kuna aibu ambayo haina pa kujificha. Mji mzima unakujua kwa kazi nzuri, na kazi yako nzuri imekaa barabarani imevunja mgongo wa nyumba ya mtu.

Mama Gaudensia alishuka kwenye pikapu. Kasian akamfuata, akamwambia kitu kwa Kimatengo, sauti ya chini. Niliyaelewa kidogo: umejaribu, mdogo wangu, hakuna wa kukucheka, twende. Alisema vizuri, na hilo ndilo lililonichoma. Dada yake akamjibu kwa Kiswahili, ili wote tusikie.

"Saa kumi haijafika."

Akachukua kiti kimoja cha mbao kwenye pikapu, akakiweka pembeni mwa barabara kwenye nyasi, akakaa, mikono juu ya magoti. Nimewahi kuona watu wakilia, wakitukana, wakizirai. Sijawahi kuona mtu akingoja vile.

Mzee Longino alipanda ndani akakaa kwenye kile kitanda cha futi tano. Alitazama makabati, sakafu, viti vya ukutani. Nilidhani atatafuta wa kumlaumu, barabara au trekta, maana goti lake lilikuwa limeshapitisha ile kazi.

"Nilikufundisha kabati la sakristia, la kutunzia mavazi ya padri," alisema. "Sakristia haisafiri. Mimi nimesahau kukwambia, na wewe umesahau kufikiri. Toa."

"Nitoe nini, mzee?"

"Vyote."

"Mzee, mninga huu nimeutunza miaka miwili."

"Benno. Leo kinachotakiwa kufika ni mama."

Sasa ndipo mtakapoona adhabu ya kazi nzuri. Kabati la misumari ungelibomoa kwa nyundo, ukalikusanya tena kesho. Kazi ya tundu na ulimi na gundi haina pa kuifungulia. Na kitanda nilikiundia humohumo ndani, kipana kuliko mlango. Ilibaki msumeno tu. Niliushika nikasimama katikati ya karavani, sijui nianzie wapi. Mama Gaudensia akaniona kupitia dirishani, akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kupaza sauti:

"Anza na kitanda."

Nikakikata. Nilikata kazi ya mikono yangu vipande vitano, na niliumia, sitawadanganya. Unga mwekundu wa mninga ulinijaa puani na machoni, na mtu akiniuliza kama nililia nasema ni unga. Watu waliokuwa wanarudi sokoni wakasimama. Kwetu huwezi kupita mtu amekwama ukaenda zako. Wanaume wakavua makoti, akina mama wakatua vikapu, wakatengeneza msururu, ubao mmoja mmoja ukatoka mlangoni ukalazwa kwenye nyasi. Mama mmoja aliuliza kama zinauzwa. Mzee Longino akamwambia angoje kwanza, huenda na fundi naye akauzwa.

Nyoni naye alikuwa chini ya karavani na jeki. Akasema apatiwe gogo gumu la kukaa kati ya chesisi na ekseli, mahali pa springi, lakini siyo mti wa porini, utapasuka. Mzee Longino akachagua kwenye nyasi, akaokota mguu wa kitanda, akampa. Ulikaa pale kama uliochongwa kwa kazi hiyo. Wakakata mguu mwingine kwa upande wa kulia, wakafunga yote kwa mipira ya tairi, wakakaza. Kwa hiyo siwezi kusema kitanda kile hakikufaa kitu. Kilibeba nyumba nzima hadi Mshangano.

Saa tisa na nusu tuliondoka. Kila mtu alitembea, hata mama, ili kusiwe na uzito wa mtu. Pale mwisho, barabara inapoacha kuwa barabara na kuwa shamba la mahindi, trekta iliteleza. Kasian alikuwa ametazama saa yake mara nyingi, nami nilijua ana haki ya kugeuza gari. Akaizima pikapu. Akavua koti lake la kanisani, akalikunja, akampa dada yake, akaja nyuma ya karavani akasukuma pamoja nasi, bega kwa bega na mimi, akipumua kwa nguvu. Hatukutazamana. Karavani ikapanda, ikaingia kwenye kiwanja, ikasimama kando ya ule msingi wa mawe. Haikuwa imetimia saa kumi.

Ndani kulikuwa kutupu. Kuta za rangi ya chai ya maziwa, zimejaa matundu na makovu niliyoyafanya, dirisha kubwa, na milima ya Matogoro dirishani. Kasian akauliza akiwa nje mlangoni, "Utalala wapi?" Dada yake akaonyesha sakafu. Wakashusha godoro.

Wiki moja baadaye aliniita. Nilikwenda na tepu na penseli, nimejiandaa kutukanwa. Akanivutia kiti. "Kaa. Hiyo penseli weka mfukoni." Nikakaa asubuhi nzima sifanyi kitu. Yeye akafagia, akachemsha chai kwenye mafiga yake ya nje, akaingia, akapiga barua ya mtu aliyekuja kuomba kazi, akatoka, akaingia. Nikaona jua linaingilia wapi. Nikaona kwamba hageuki kushoto akitoka mezani, anageuka kulia, kwa hiyo kabati nililoliweka kushoto lingemgonga nyonga kila siku ya maisha yake. Nikaona anapenda kuvua viatu hapa na siyo pale. Saa sita akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona.

Nikamtengenezea upya. Nilitumia msederea, mbao nyepesi, inanukia na panya hawaipendi. Migongo ya makabati nikaweka plaiwudi, na viungo vingi nikafunga kwa skrubu, kwa sabuni. Mzee Longino alikuja, akatazama zile skrubu kwa muda mrefu. Hakukunja goti. Alifungua mlango wa kabati kwa kidole kimoja, akaufunga, akaomba chai. Kitanda kilikuwa futi tatu.

Tangu siku ile sijawahi kupima nyumba ya mtu kabla sijakaa ndani yake. Wenzangu walinicheka, walisema Benno anatafuta chai za bure. Chai nilikunywa, sikatai. Lakini ninyi mnaopokea oda kwa simu, mnaletewa picha ya kabati la mtu wa nchi nyingine na kuambiwa fanya kama hili, mwulizeni kwanza mwenye nyumba akitoka mezani anageukia wapi.

Mama Gaudensia aliishi humo hadi alipotutoka, miaka mingi. Juu ya ule msingi alikuja kujenga nyumba ya matofali, vyumba vitatu, akawapangisha walimu. Yeye alibaki kwenye karavani. Walimu walishangaa, mimi sikushangaa.

Lakini kuna jambo nimeliruka, la jioni ile ya kwanza. Mzigo ulikuwa umekwisha kushushwa, Nyoni ameondoka na trekta, sisi wengine tunakusanya minyororo. Kasian alishawasha pikapu. Kisha akaizima, akashuka, akarudi kumuaga dada yake. Mlango ulikuwa wazi, na mama tulikuwa tunamwona ndani amepiga magoti anatandika shuka. Kwao kaka mkubwa haombi ruhusa kwa dada asiyeolewa. Anaingia tu, kwa sababu popote dada anapokaa huhesabiwa ni pa kaka. Kasian aliweka mguu kwenye ngazi. Akautoa. Akavua kofia, akasimama chini kwenye mahindi.

"Hodi," akasema.

Mikono ya Mama Gaudensia ikasimama juu ya shuka. Alisikia, niliona kwamba alisikia. Alimaliza kuchomeka shuka pembe zote nne, akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatazama kuta zake tupu upande huu na upande huu.

"Nani?"

"Ni mimi. Kasian."

"Karibu, kaka," akasema. "Karibu kwangu."